Mwajuma, Somoe na Kelvin: jina linasema nini kabla mwenye nalo hajafungua mdomo

Kama una simu na umo kwenye grupu lolote la WhatsApp, la ukoo, la vikoba, la waliosoma pamoja, hapa Mtwara au kule Lindi, basi ushaziona zile orodha. Wanawake wanaoitwa hivi wanapenda hela, wanaume wanaoitwa vile hawatulii na mke mmoja, kina fulani usioe utajuta, alafu chini watu wanacheka na kutagiana na wengine wanakubali kabisa, eh kweli, mi nilikua na mmoja alikua hivyohivyo. Siku hizi zimehamia kwenye video fupi, mtu mmoja anaigiza sauti tano na kila sauti ina jina lake. Na haiishii kwenye simu, inaingia mpaka wodi ya wazazi. Bibi anataka mjukuu aitwe Somoe, jina la marehemu mama yake, mama mtoto anasema hapana, hilo la kishamba, mwanangu atachekwa shule, bora Briana, na baba mtoto kakaa katikati hajui ashike upande gani.

Ukiyasikiliza vizuri hayo mabishano utakuta mambo matatu tofauti yamefungwa pamoja. Kuna anayesema jina huumba, ukimwita mtoto Shida atakutana na shida. Kuna anayesema watu wa jina fulani ndivyo walivyo, yeye kawaona kwa macho yake. Na kuna anayesema jamani huu ni utani tu mbona mnakuwa wakali. Mara nyingi mtu mmoja anayasema yote matatu kwenye kikao kimoja, ndo maana hatufiki popote.

Tuanze na maneno yenyewe. Utamaduni pendwa ni vile vitu vinavyopendwa na watu wengi kila siku: vichekesho vya kwenye TV na YouTube, filamu za Bongo, singeli, katuni, meme, misemo ya vijiweni na kwenye daladala. Dhana mgando ni picha iliyoganda kichwani kuhusu kundi la watu, kiasi kwamba ukikutana na mmoja wao unajiona ushamjua kabla hajasema kitu. Dhana mgando za makabila tunazijua, za kazi tunazijua, za mikoa ndo usiseme. Za majina ni za ajabu kidogo, maana jina halina kundi. Wamakonde wana lugha yao na historia yao, madereva wa bodaboda wana kazi yao inayowakutanisha, lakini kina Rehema wote wa Tanzania hawajawahi kulelewa pamoja wala kukaa kijiji kimoja, wanachoshirikiana ni herufi sita. Sasa hiyo picha ya kina Rehema imetoka wapi?

Imetoka kwenye kitu cha kweli, na hapa wengi wanaopinga hizi dhana wanakosea, wanakimbilia kusema jina halina maana yoyote. Jina lina habari nyingi sana. Ila habari zenyewe ni za wazazi.

Mtoto hajiiti. Anaitwa siku ambayo hana jino hata moja, na waliomwita waliangalia siku, mwezi, dini, marehemu wao, na yaliyokuwa yanawasibu. Mwajuma kazaliwa Ijumaa, Hamisi Alhamisi, na kina Shabani, Rajabu, Ramadhani na Mwanaidi wamebeba kalenda ya Kiislamu mabegani. Pwani hii yote kuanzia Kilwa mpaka Mikindani Uislamu una karne nyingi, kwahiyo ukikuta Mohamedi, Selemani na Hadija kila nyumba hamna cha kushangaa. Panda juu uende Masasi mambo yanabadilika: wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika pale mwaka 1876 wakiwa na watumwa walioachiwa huru wakaanzisha makazi, alafu Ndanda wakaja Wabenedikto kutoka Ujerumani mwaka 1906, na ndo maana mtoto aliyezaliwa Lupaso mwaka 1938, ambaye baadae akawa rais wetu wa awamu ya tatu, akaitwa Benjamin na baba yake akaitwa William. Nachingwea walikaa wapiganaji wa FRELIMO mpaka Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975, kwahiyo ukikutana na mzee anaitwa Samora, jina la kiongozi wao, huhitaji kuuliza sana wazazi wake walikua wanashangilia nini wakati anazaliwa.

Alafu yapo haya majina ya matukio, Tabu, Mashaka, Sikujua, Sikudhani. Mtu wa mbali anacheka akiyasikia, kumbe ni kumbukumbu ya familia, ni kama barua waliyojiandikia wenyewe ili wasisahau, mimba ilikua ngumu, baba alikua hayupo, mtoto wa kabla yake alifariki. Na hao kina Brayan na Jayden wa miaka ya karibuni nao wanasema jambo lilelile, kwamba wazazi wao ni vijana, wana TV au bando, na wangependa mtoto wao afike mbali kuliko wao walipofika.

Kwahiyo kwa jina la kwanza tu unaweza kukisia dini ya wazazi, mkoa, umri wa mtu, na kidogo hali ya kipato ya nyumba alikotoka, na mara nyingi utapatia. Kinachoshindikana ni kukisia uchoyo, umalaya, akili darasani, au kama ataweza kukaa na mume. Watu wa huku mnaelewa korosho, basi ni hivi: maandishi kwenye gunia yanakwambia limetoka chama gani cha msingi, lakini ubora wa korosho zilizomo huujui mpaka uchukue sampuli uzikate uone ndani, na hakuna mnunuzi anayekubali kulipa hela yake kwa kusoma gunia.

Sasa utamaduni pendwa unaingiaje hapo? Unaingia kwa sababu ya haraka. Mtu anayetunga kichekesho cha dakika tatu hana nafasi ya kukueleza mhusika wake kasoma wapi na kalelewa na nani, anataka umjue palepale anapotokea mlangoni, kwahiyo anatafuta jina la kumfanyia hiyo kazi. Dada wa kazi aliyetoka kijijini hataitwa Vanessa. Bosi wa ofisini hataitwa Mashaka. Mama wa uswahilini mwenye khanga kiunoni anayegombana na jirani kuhusu maji ya bomba, huyo ataitwa Mwajuma, na mtaa nao ukaongezea wa kwao, Mwajuma Ndala Ndefu, mpaka leo ukitaka kumdhalilisha msichana kwamba hana mshono hana adabu hana mji unamwita hivyo tu na watu wanakuelewa.

Angalia kilichotokea hapo taratibu. Mara ya kwanza mtunzi alitumia dalili ya halali kabisa, Mwajuma ni jina la Pwani, la Kiislamu, la familia za kawaida, basi. Mara ya hamsini dalili ishageuka. Hatumuoni tena mama mmoja mgomvi ambaye kwa bahati anaitwa Mwajuma, tunauona ugomvi wenyewe umepewa jina la Mwajuma, na kuanzia hapo kila mtoto aliyezaliwa siku ya Ijumaa, siku ambayo Waislamu wanaiheshimu kuliko zote za wiki, anaanza maisha akiwa na kesi asiyoijua. Habari za wazazi zimegeuzwa kuwa hukumu ya mtoto. Huo mruko ndo kila kitu kwenye hii mada, ukiushika huo mengine yote yanafunguka.

Na ona pia majina yanayochekwa ni ya kina nani. Mengi ni ya wanawake, ya uswahilini, ya vijijini, ya mikoa ambayo wenyewe hawana kamera. Watunzi wengi wako Dar. Wangekua wengi wako Tandahimba nadhani tungekua tunacheka majina mengine kabisa.

Hili sio la kwetu peke yetu, na mifano ya nje inasaidia kuona jinsi picha inavyoweza kugeuka bila mwenye jina kufanya chochote. Marekani kuna jina Karen. Mwaka 1973 watafiti wawili, Herbert Harari na John McDavid, waliwapa walimu insha za watoto wa darasa la tano wazisahihishe, wakabandika majina tofauti juu ya insha zilezile ili waone kama jina litabadilisha maksi. Likabadilisha. Insha ikiwa na jina la David, Michael, Lisa au Karen ilipata juu kuliko ikiwa na Elmer, Hubert au Bertha. Yaani Karen wakati ule lilikua jina la mtoto mzuri, na miaka michache kabla, 1965, lilishika nafasi ya tatu kwa watoto wa kike waliozaliwa nchi nzima. Wale watoto wakakua. Kufika mwaka 2020 wengi wao walikua wanawake wa miaka hamsini na kitu, wazungu, wa maisha ya kati, basi mitandao ikahitaji jina la kumuita mama wa kizungu anayedai aitiwe meneja dukani au anayempigia polisi mtu mweusi asiye na kosa, likachukuliwa hilohilo. Tabia inayolaumiwa ilikuwepo kweli na ilistahili kusemwa. Lakini jina lilichaguliwa kwa sababu linaonyesha umri na rangi tu, na mama aliyeitwa Karen mwaka 1965 hakuulizwa. Jina lilelile lililompandishia maksi akiwa na miaka kumi ndo linalomtukanisha sasa hivi.

Ujerumani wana Kevin. Ilitoka filamu ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu mtoto Kevin aliyeachwa nyumbani peke yake, ikapendwa sana, na mwaka 1991 Kevin likawa jina namba moja kwa watoto wa kiume kule. Waliolipenda zaidi walikua familia za kipato cha chini, na wenye shule zao wakaanza kuliona la hovyo. Mwaka 2009 ukatoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg uliouliza walimu wa shule za msingi wanafikiria nini wakisikia majina ya wanafunzi, na mwalimu mmoja akaandika kwamba Kevin sio jina, ni ugonjwa uliothibitishwa na daktari. Mwalimu anasema hivyo kuhusu mtoto wa miaka saba! Sasa linganisha na kwetu. Kevin na ndugu yake Kelvin, Bongo ni majina ya mtoto wa geti kali, anayesoma shule ya basi la njano na hajui kula embe bichi na chumvi. Jina moja, kule linasema umaskini, huku linasema pesa. Kama tabia ingekua ndani ya jina lenyewe hili lisingewezekana.

Adolf ni mfano mwingine. Ulaya baada ya vita vya pili vya dunia, kwa sababu ya Hitler, ilikua vigumu mtu kumpa mtoto jina hilo. Hapa Tanzania kwenye familia za Kikatoliki wapo wazee na vijana wanaitwa Adolf, wanaheshimika, wanaongoza jumuiya, na hakuna anayeshtuka.

Na picha inaweza kugeuzwa kwenda upande mzuri vilevile. Kenya, miaka ya 1990 mwishoni, Rais Moi aliuliza kwa dharau Wanjiku anajua nini kuhusu katiba, akimaanisha mwanamke wa kawaida asiye na elimu. Wakenya wakalishika lile jina. Mchora katuni Gado, ambaye ni mzaliwa wa Dar es Salaam, akamchora Wanjiku kama mama mdogo wa umbo asiyeogopa kumuuliza mkubwa yeyote swali, na leo mwanasiasa wa Kenya akisema Wanjiku anamaanisha mwananchi, mwenye nchi. Dharau ikageuzwa heshima na watu wenyewe waliodharauliwa. Mi hapa huwa najiuliza nani atamchora Mwajuma wetu.

Turudi kwa yule anayesema kawaona kwa macho yake. Simwiti muongo. Ila kuna mambo mawili yanamchezea. La kwanza, zile orodha zimeandikwa kwa namna ambayo zinamfaa kila mtu. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake jaribio la kupima tabia, baadae akampa kila mmoja majibu yake kwenye karatasi akamwambia asome kimya aseme yamempatia kiasi gani, kutoka sifuri mpaka tano. Wastani ukatoka 4.26. Alafu akawaambia ukweli, wote walikua wamepewa karatasi moja ileile, yenye maneno ya aina ya unapenda kupendwa, una uwezo ambao hujautumia, muda mwingine una wasiwasi moyoni ingawa nje huonyeshi. Sasa chukua orodha yoyote ya majina uliyonayo kwenye simu. Kina fulani wana roho nzuri ila wakikasirika usiwasogelee. Nani hayuko hivyo? Badilisha jina hapo juu weka lako uone kama halikufai.

La pili ni namna tunavyohesabu, au tuseme tunavyoacha kuhesabu. Hapa kusini kina Mohamedi ni wengi mno, ukitafuta Mohamedi mlevi utampata, Mohamedi shekhe utampata, Mohamedi mwizi, Mohamedi daktari, wote wapo. Ukishaambiwa kina Mohamedi wako hivi, akili inaokota wale wanaofanana na ulichoambiwa na wengine inawapita kama hawapo. Na kuna dhuluma moja ndani yake ambayo inaniuma. Akikosea mtu tunalaumu jina, akifanikiwa sifa ni zake mwenyewe. Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa, mwalimu wa zamani, aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu Novemba 2015, na sijawahi kusikia hata mtu mmoja akisema mnaona, kina Kassim ndivyo walivyo.

Sasa hili la jina huumba, ambalo wazee wetu wanaliamini na mi siwezi kulitupa tu hivihivi, maana limebeba dua ya mzazi. Mtu kumwita mwanae Neema au Baraka anamwombea, hilo ni jambo jema. Tatizo linaanza pale tunapogeuza dua kuwa sheria, tukamuona binti anaitwa Tabu tukasema ndo maana ndoa imemshinda. Kuna familia moja ya New York, habari zake zimeandikwa sana, baba alimwita mtoto mmoja Winner, yaani mshindi, mwaka 1958, na mwingine aliyezaliwa 1961 akamwita Loser, aliyeshindwa. Winner aliishia kukamatwa na polisi mara nyingi nyingi kwa makosa ya wizi na mengineyo. Loser alisoma kwa ufadhili, akaingia jeshi la polisi la jiji hilohilo, akapanda mpaka kuwa sajenti. Mfano mmoja haujengi kanuni, ila unatosha kuonyesha kwamba jina halimshiki mtu mkono.

Na sisi watu wa kusini tungekua wa mwisho kuamini kwamba jina na mtu havitenganishwi. Kwa Wamakonde na Wayao mtoto alikua anaingia jandoni na jina moja anatoka na lingine, na kumwita kwa lile la utotoni baada ya hapo ni kumvunjia heshima. Jina lilikua linafuata hatua ya mtu, mtu anakua kwanza alafu jina linamfikia. Hiyo ni akili ya wazee ambayo naiona ina ukweli kuliko hizi orodha.

Lakini, na hii lakini ni kubwa, kuna njia moja ambayo jina linaweza kweli kubadilisha maisha, na haina uchawi wowote. Ni kupitia watu wengine. Rudi kwenye zile insha za 1973. Mwalimu akisoma jina akategemea kidogo, atauliza maswali machache, atamnyanyua mtoto mara chache, ataridhika na jibu nusu, na mtoto atajifunza kidogo kweli, alafu mwalimu atasema si nilijua. Jina halikufanya kitu, aliyefanya ni aliyelisoma. Ndo maana mtihani wa taifa mtoto anaandika namba, haandiki jina, anayesahihisha hajui kama huyu ni Briana wa Dar au Somoe wa Kitangari. Kwenye mitihani ya darasani hatufanyi hivyo, na wala haitugharimu kitu tukifanya.

Hapa kuna tafiti mbili watu wanapenda kupigania mitandaoni, kila upande umeshika wake, na zote ni za mwaka 2004. Ya kwanza ya Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan: walituma barua za maombi ya kazi karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zinafanana, majina tofauti, mengine ya kizungu kama Emily na Greg na mengine ya watu weusi kama Lakisha na Jamal. Mwenye jina la kizungu alihitaji kutuma barua kama 10 ili apigiwe simu moja, mwenye jina la watu weusi kama 15. Ya pili ya Roland Fryer na Steven Levitt: walichukua kumbukumbu za watoto waliozaliwa California kuanzia mwaka 1961, wakaangalia waliopewa majina ya watu weusi kabisa wanaishia wapi kimaisha, na wakaona ukishazingatia nyumba mtu aliyozaliwa, umaskini wa wazazi, elimu ya mama, jina lenyewe haliongezi madhara yanayoonekana.

Zinaonekana zinapingana ila hazipingani. Moja inapima mlango, nyingine inapima safari nzima. Mlangoni, pale ambapo mtu hana kitu kingine cha kukujua zaidi ya jina kwenye karatasi, jina linakuumiza. Kwenye safari nzima watu wanakujua kwa mengine, sura, lafudhi, shule uliyosoma, nani unamjua, na kama ni ubaguzi basi unakufikia kwa njia hizo pia hata ungeitwa Emily. Ndo maana kubadilisha jina kunaweza kukufungulia barua lakini hakukufungulii usaili. Aliyekukataa hakukataa herufi, alikataa watu anaodhani umetoka kwao, na hao hujawaacha kwa kubadilisha jina.

Na hilo ndo linalotugusa huku. Binti anatoka Newala anaitwa Somoe, anafika Dar kwenye saluni au ofisini, wiki ya pili ashakuwa Sommy. Zainabu anakuwa Zay. Mwajuma anakuwa Jully, na ukimpigia ukamwita la nyumbani mbele za watu anakuomba kwa sauti ya chini dada tafadhali. Sio kwamba hawapendi majina yao. Wamechoka kuulizwa ah we wa wapi, Mtwara? alafu lile tabasamu. Jina likishasema kusini linafuatwa na mengine yote, kwamba huku ni mbali, tumechelewa, tunakula panya, tuna uchawi. Wazee wanakumbuka jinsi Machinga, jina la watu na sehemu ya Lindi, lilivyoanza kutumika Dar kwa vijana wa mikoa hii miwili waliokua wanatembeza bidhaa mkononi, na sasa kila anayeuza barabarani nchi nzima ni machinga hata kama katoka Moshi. Jina la watu limekua jina la kazi, na wengi wanaolitumia hawajui kama kuna watu wenyewe.

Mtu atasema basi tusitaniane? Hapana, sisi ni watu wa utani, na utani ni kitu kizito kwetu kuliko wanavyojua wanaotengeneza klipu. Mtani anaingia mpaka msibani, anaigiza marehemu alivyokua anatembea, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Lakini mtani unamjua. Babu na mjukuu, shemeji na shemeji, kabila na kabila lililo mtani wake, na ukinitania leo kesho zamu yangu, na siku nikiwa na shida wewe ndo wa kwanza kuja kunisaidia. Utani una pande mbili. Klipu ina upande mmoja. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaitwa Mwajuma, darasa zima limeiona video usiku, asubuhi anaingia darasani anazomewa kwa msemo ambao hakuutunga na anayemcheka hana deni lolote kwake, huyo atamjibu nani? Yuko peke yake na walioangalia ni maelfu. Kuita hilo utani ni kuukosea utani wenyewe.

Ndo maana mama mtoto anayekataa Somoe simlaumu. Anaona mbele, anataka kumkinga mwanae, na hesabu yake ina sababu. Namwomba tu azingatie kwamba picha za majina zinageuka haraka kuliko mtoto anavyokua. Marekani wazazi walioita watoto Alexa mwaka 2013 waliona ni jina zuri la kisasa, mwaka uliofuata Amazon wakatoa kile kifaa cha kuongea nacho kinachoitika kwa jina hilohilo, na watoto wakaanza kuamrishwa shuleni wawashe taa. Hakuna aliyeweza kujua. Briana wa leo anaweza kuwa Karen wa mwaka 2060, na Somoe linaweza kurudi kuwa jina ambalo wasichana wa mjini wanalitafuta, kama ambavyo majina ya bibi zao yamerudi kwa watu wengine.

Kuna jambo moja la majina ambalo wazazi wa mikoa yetu hawaliumizii kichwa na lenyewe ndo linaleta hasara ya kweli, nalo ni namna linavyoandikwa. Sisi tunasema Saidi, Zainabu, Mohamedi, Hadija, tunamalizia na irabu na hiyo ni sawa kabisa. Nesi anaandika Said kwenye kadi ya kliniki, cheti cha RITA kinatoka Saidi, mwalimu wa darasa la kwanza anaandika Sayidi, na kijana akifika miaka kumi na nane anaenda NIDA na vyeti vitatu vya watu watatu, anaanza kutafuta wakili wa kiapo, nauli ya kwenda wilayani, siku za kupanga foleni, na wengine wanakosa mkopo wa chuo au ajira kwa herufi moja. Watoto wa chini ya miaka mitano wanasajiliwa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, kwahiyo ukishakubaliana na bibi, iwe Somoe iwe Briana, nenda na jina limeandikwa kwenye karatasi, mpe anayeandika alinakili, na usiondoke dirishani kabla hujasoma alichoandika herufi kwa herufi.